Morris Iliyovutwa kutoka Morogoro

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Juni 2022, saa tisa kasoro robo alasiri, Zebedayo Andongwisye Mwaisumo, dereva mstaafu wa serikali, aliamka kutoka usingizi wake wa mchana nyumbani kwake Ipinda, wilayani Kyela, akaenda kulitazama gari lake bandani, akakuta kiti cha dereva kimesogezwa nyuma hadi mwisho wa reli yake.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Lakini Zebedayo alikuwa mtu mfupi, na katika miaka thelathini na mmoja ya kazi hakuwahi kukaa kwenye usukani bila kukivuta kiti mbele mpaka magoti yakaribie kugusa dashibodi. Milango ilikuwa imefungwa. Funguo zilikuwa mfukoni mwa shati lake. Kioo cha kati nacho kilikuwa kimeinuliwa, kana kwamba kimeinuliwa na mtu mrefu sana anayependa kuona kilicho nyuma yake.

"Mama Neema!" aliita. "Nani amekaa humu?"

"Nani akae humo, tata?" mkewe Elizabeth alijibu kutoka jikoni, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Hata kuku hawalali chini yake."

Ilikuwa kweli. Tangu gari lilipofika Jumamosi tarehe 11, hakuna kuku aliyeingia bandani, ijapokuwa jua la Kyela lilikuwa limeifanya ardhi yote iwe kama kikaango.

Gari hilo lilikuwa Morris ndogo ya mwaka 1964, rangi ya maziwa, yenye mgongo wa mviringo na taa mbili kubwa mithili ya macho ya mtu aliyeshtuliwa. Lilikuwa mali ya kaka yake, marehemu Sylvester, aliyefariki Morogoro tarehe 2 Machi mwaka ule ule na kuacha maagizo kwamba apewe Zebedayo. Siku ya kuondoka kwenda kulichukua, Elizabeth alimsindikiza mumewe hadi barabarani, akamwambia, "Uliendeshe. Likikushinda, liuze huko huko. Usije ukalivuta njia nzima kama kitu kilichokufa."

Naye alikusudia kuliendesha. Kilichombadilisha mawazo ni maneno ya Athuman, kijana wa mjini Kyela mwenye lori la kupeleka mchele Dar es Salaam, aliyekuwa akirudi tupu na kumpitia Morogoro.

"Mzee wangu," Athuman alisema, akilizunguka gari na kulipigapiga ubavuni, "ukiliendesha hili mpaka Kyela, utafika wewe na usukani. Vingine vyote utakuwa umeviacha njiani. Hili ni gari la kupigia picha za harusi."

"Miaka thelathini na mmoja, Athuman, sijavutwa hata siku moja."

"Na hutavutwa. Litavutwa gari. Wewe utakuwa unakula mahindi ya kuchoma."

Fundi mmoja akaunga chuma cha pembe tatu kati ya mbele ya Morris na mkia wa lori, hivi kwamba magurudumu yangefuata yenyewe bila mtu kushika usukani. Hapo ndipo ulipo mwiko. Madereva wa rika la Zebedayo walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeieleza sababu yake: kiti cha dereva katika gari linalotembea hakiachwi wazi. Likivutwa, lazima mtu akae. Asipopatikana mtu, dereva huvua shati lake akalifunga kwenye usukani, ili kiti kiwe na mwenyewe. Waliifuata desturi hiyo kama watu wanavyovua kofia wakiingia kanisani.

Kwa hiyo, siku ya Alhamisi tarehe 9 Juni, Zebedayo alikaa mwenyewe ndani ya Morris kutoka Morogoro, akimeza moshi wa lori kwa saa nyingi, mpaka Ruaha Mbuyuni. Hapo alishuka akikohoa, macho mekundu.

"Panda huku mbele, mzee," Athuman alimwambia. "Huko nyuma unakaangwa bure."

Zebedayo alikubali. Mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha shati, akakifungua cha kwanza na cha pili. Kisha akawaona akina mama wauza vitunguu wamesimama na vikapu vyao wakimtazama. Akaona haya, mzee wa kanisa mwenye miaka sitini na minane, kubaki na fulana mbele ya wanawake. Akavifunga vifungo vyake, akapanda lori. Kosa lenyewe ni hilo, na halikuchukua hata dakika moja.

Walipoanza kupanda mlima wa Kitonga, Athuman alilalamika mara mbili kwamba lori limekuwa zito. "Umepakia nini huko nyuma, mzee? Mawe?" Zebedayo alicheka. Hakugeuka kutazama.

Siku ya Jumatano tarehe 15, siku moja baada ya kiti kukutwa kimesogezwa, Elizabeth alilala mchana kama kawaida. Watu wote wa Ipinda huwa wamelala saa ile, na hata mbwa hawabweki. Mumewe, aliyejinyoosha sebuleni, aliamshwa na harufu ya moshi wa dizeli. Akasikia sauti ya chuma kikijisugua juu ya chuma, polepole, nyii, nyii, kama ile aliyoisikia njia nzima kutoka Morogoro. Alipoinuka alimkuta mkewe chini, katika mlango wa chumba, amelala chali, mikono imenyooka juu ya kichwa.

"Umeanguka?"

"Nimevutwa," Elizabeth alinong'ona.

Visigino vyake vilikuwa vimechubuka. Juu ya sakafu, kutoka kitandani hadi mlangoni, ilikuwepo mistari miwili myembamba ya damu, iliyonyooka kana kwamba imechorwa kwa rula.

Tarehe 16 alikutwa sebuleni. Tarehe 17 alikutwa barazani. Neema, binti yao aliyekuwa amerudi nyumbani kumsaidia mama yake kukausha kakao, aliitoa betri ya Morris kwa mikono yake mwenyewe na kuificha chini ya gunia, kwa sababu kila mama yake alipovutwa honi ililia mara moja, fupi, kama ya dereva anayemwambia mwenzake kwamba yuko tayari. Jumapili tarehe 19 wazee wa kanisa walikuja kuomba. Waliomba vizuri na kwa muda mrefu, na wakati wote walipokuwa wamefumba macho honi ilikuwa ikilia bandani, betri ikiwa chini ya gunia. Mzee mmoja alifungua macho, akachukua fimbo yake, akasema amesahau ng'ombe malishoni. Hakuwa na ng'ombe.

Jumapili iliyofuata, tarehe 26, Zebedayo aliamua kutolala. Alikaa kitandani, akamkumbatia mkewe kiunoni kwa mikono yote miwili, akafunga vidole vyake kwa nguvu, akasubiri. Ilipotimia saa nane na dakika arobaini, kuku walinyamaza uani, harufu ya dizeli ikaanza kupenya chini ya mlango, kwanza kidogo kama mtu anayewasha jiko la jirani, kisha nyingi hadi ikamwasha kooni, na chuma kikaanza kulia nyii, nyii, si bandani tena bali ndani ya kuta, na mwili wa Elizabeth, uliokuwa umelegea kwa usingizi, ukatikisika ghafla kuelekea mbele, jinsi abiria wanavyotikisika gari lao linapokazwa mnyororo, ukatulia, ukatikisika tena, kisha ukaanza kwenda, si kwa haraka bali kwa mwendo ule ule wa lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, ukimburuta na Zebedayo aliyemng'ang'ania, ukapita sebuleni, ukashuka ngazi za baraza, ukakata uani na kuingia kwenye mikakao, na Zebedayo, uso ukisagwa ardhini na mdomo umejaa majani makavu, aliinua macho mara moja tu na kuona kwamba mikono ya mkewe, iliyonyooka mbele, ilikuwa imeshikwa viganjani na kitu ambacho hakikuwa na umbo lakini kilikuwa kimebonyeza nyama yake mahali pa vidole sita kila upande.

Walisimama kwenye ukingo wa shamba la mpunga. Kutoka pale hadi Mto Mbaka hazikubaki hatua mia tatu.

"Tata," Elizabeth alisema, "kesho usinishike. Utakufa na wewe."

"Nyamaza, mama Neema. Nyamaza."

"Kinanichukia. Nakisikia. Hakitaki kitu, kinanichukia tu."

Tarehe 28, Neema alipanda bodaboda hadi mjini Kyela akamleta Abdulwahab, mwuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka Kilwa na ambaye, ijapokuwa hakutangaza, ndiye aliyeendewa na Waislamu na Wakristo pia mambo yalipofika huko. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye maneno machache. Hakuingia nyumbani. Alikwenda kwanza bandani, akakitazama kiti.

"Lilikuja kwa kuendeshwa au kwa kuvutwa?"

"Kwa kuvutwa," Zebedayo alijibu.

"Alikaa nani hapa?"

Zebedayo alishika kifungo cha juu cha shati lake. Abdulwahab akatikisa kichwa.

"Wewe ulikuwa dereva wa serikali, mzee. Ulijua."

Alifukiza ubani barazani, akamkalisha Elizabeth juu ya mkeka, akasoma aliyoyasoma kwa sauti ya chini. Elizabeth alianza kuyumba mbele na nyuma. Kisha akasema, kwa sauti yake mwenyewe lakini kwa kiburi ambacho mama yule hakuwahi kuwa nacho, "Ondoa moshi wako. Nimekwisha kula moshi wa kutosha."

"Wewe ni nani?" Abdulwahab aliuliza.

"Mwenyeji wa Kitonga. Nilikuwako kabla ya barabara. Nikaona kiti hakina mtu, nikapanda, nikijua naendeshwa kama bwana. Kumbe navutwa! Kilometa mia tano, uso wangu kwenye makalio ya lori, na jamaa zangu wa kila mlima wamekaa kando ya njia wakinicheka."

"Hawakukusudia kukudhalilisha."

"Basi na mimi sikusudii. Navuta tu."

Neema alianza kulia. Abdulwahab alimnyamazisha kwa mkono. "Unataka nini ili umwachie?"

"Nirudishwe Kitonga. Niendeshwe, na huyu mfupi aliyekikimbia kiti ndiye aendeshe. Gari liende kwa nguvu zake lenyewe. Lisivutwe, wala lisibebwe juu ya gari lingine. Likivutwa hata hatua moja, mwanamke huyu nitamvuta mpaka mwisho."

"Mwisho ni wapi?"

Elizabeth aligeuza shingo taratibu, akatazama upande wa mto, akacheka.

Baadaye, kwenye njia ya kutokea, Abdulwahab alizungumza na Zebedayo pembeni. "Hawa wenye kiburi hawadanganyi, lakini hawana huruma. Nenda Alhamisi. Ukilazimika kushuka, funga shati usukani. Na mzee, anapenda kuona watu wakishindwa. Mwangalie."

Alhamisi tarehe 30 Juni, saa nne asubuhi, Zebedayo alirudisha betri mahali pake, akaondoka Ipinda. Alikaa juu ya mito miwili, kwa maana kiti kilikataa kusogea mbele. Upande wa abiria hapakuwa na mtu, lakini godoro la kiti lilikuwa limebonyea, na kwenye kila kona ya barabara lilibonyea zaidi upande mmoja. Athuman alifuata nyuma na lori lake, amebeba madumu ya maji na vifaa. Alikwisha elezwa yote. Alikuwa ameapa kwamba hasadiki hata neno moja, lakini alivaa hirizi ya mama yake.

"Mzee wangu," alimwambia kabla hawajatoka, kwa sauti ya chini isiyokuwa na mzaha, "likizima je?"

"Utasubiri nyuma yangu mpaka liwake."

"Hata kama ni siku mbili?"

"Hata kama ni mwezi. Usiliguse, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana, lakini usiliguse."

Morris ilikwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Hii ni lazima isemwe, kwa sababu watu wengi hudhani gari dogo la miaka hamsini na minane haliwezi safari ndefu. Ilipanda kutoka joto la Kyela hadi baridi ya Tukuyu ikinguruma kwa utii, na Zebedayo aliiona aibu ya Ruaha Mbuyuni upya, akijua kwamba gari lingeiweza safari tangu mwanzo. Mara tatu alisimama kupoza rejeta. Mara tatu injini iliwaka kwa ufunguo wa kwanza. Pale Tukuyu alimpigia Neema simu, naye akasema mama amekula ndizi mbili na kutabasamu.

Katika mlima wa Isyonje, saa tisa na dakika nane, ukungu ulishuka hadi mbele ya taa pakawa peupe kama shuka. Pale pale, kwenye kona kali, kitu kilichokuwa upande wa abiria kiliegemea mbele. Zebedayo hakukiona, aliona kioo cha mbele kikifanya mvuke mahali pa pumzi. Mshale wa joto ulipanda ghafla hadi mwisho. Rejeta ikatoa mlio, na injini ikazima.

Askari wa barabarani aliyekuwa hatua chache mbele, akiongoza magari katika ukungu, alikuja mbio. "Mzee, hapa ni konani! Malori yanashuka. Ondoa hiki kigari ndani ya dakika kumi."

"Dakika kumi zinatosha, afande. Nahitaji maji tu."

"Una lori nyuma yako. Si likuvute?"

"Hapana!" Zebedayo alipaza sauti hivi kwamba askari alirudi nyuma. "Hapana, afande. Nakuomba."

Madumu ya Athuman yalikwisha kumalizika Tukuyu, na hakuna aliyekumbuka kuyajaza. Safari hii Zebedayo hakujali nani anamtazama. Alivua shati lake, akalifunga kwenye usukani kwa mafundo mawili, akateremka na dumu akiwa na fulana katika baridi ile, hadi kwenye kijito chini ya barabara, ambako mwanamke mmoja jina lake Atupele alikuwa akiosha viazi vya kuuza.

"Ugonile, tata," Atupele alimsalimu. "Utaumwa," akaongeza, akimsogezea kata ya kuchotea. "Chota hapa, ni pa kina."

Zebedayo alikuwa amejaza nusu ya dumu aliposikia juu yake, ndani ya ukungu, injini ya lori ikisogea mbele na kupandisha sauti. Kisha akasikia mnyororo ukikazika.

Alikimbia. Aliliacha dumu, akashika majani kwa mikono, akapanda mteremko kwa magoti akipiga kelele jina la Athuman, na kila alipopiga kelele honi ya Morris ilimjibu, mara moja, fupi, na alipofika juu barabara ilikuwa tupu mahali alipoliacha gari, na mbele, hatua arobaini kutoka pale, taa za nyuma za Morris zilikuwa zikiondoka polepole katika weupe ule, zikifuata mkia wa lori, hadi askari alipopiga filimbi kuonyesha kwamba sasa wako kando na watu wanaweza kupita.

Simu ililia mfukoni mwake saa tisa na dakika thelathini na moja. Alikuwa Neema.

Yaliyotokea Ipinda yanajulikana kwa ushahidi wake na wa majirani wanne waliokuwa wakipalilia. Neema alikuwa amelala na mama yake kwenye mkeka barazani, amejifunga naye kwa kanga moja kiunoni. Saa tisa na dakika ishirini Elizabeth, akiwa katika usingizi, aliinua mkono wa kulia na kuupunga mara mbili, kiganja kikielekea mbele. Kisha mwili ukaondoka, safari hii kwa kasi ya lori linaloteremka mlima, ukambeba na Neema, ukavuka uani, ukavunja mikakao miwili michanga, ukapita katikati ya mpunga na kuacha mfereji, na majirani walioacha majembe yao wakashika miguu ya Neema wote wanne hawakupunguza mwendo ule hata kidogo, mpaka ukingoni mwa Mbaka, ambapo kanga ilichanika. Elizabeth alifumbua macho kabla ya maji kumfunika, akamwita binti yake. Watu walitafuta hadi kinywani mwa mto, na wavuvi wa Mwaya walitafuta ziwani kwa siku tisa. Hawakupata kitu.

Morris iliwaka yenyewe jioni ile, Isyonje, kabla Zebedayo hajatia ufunguo. Kiti cha abiria kilikuwa kimeinuka, hakina tena uzito wa mtu. Aliiacha pale pale na kuanza kurudi nyumbani, kwa miguu mpaka Tukuyu, bila shati.

Athuman husimulia habari hii stendi ya Kyela kwa namna nyingine. Husema aliunganisha mnyororo kwa tahadhari tu, askari alipomshurutisha. Kwamba alipotazama kioo cha pembeni aliliona shati la Zebedayo na Zebedayo mwenyewe ndani yake, ameshika usukani. Na kwamba Zebedayo ndiye aliyempungia mkono avute. Watu wengi wamemwamini, na wapo wanaonong'ona kwamba Zebedayo alimuua mkewe kwa kukata tamaa.

Haikuwa hivyo. Dakika ile Zebedayo alikuwa kijitoni, na Atupele alimwona. Zaidi ya hayo, Athuman aliposhuka kwenye lori lake, simu ikiwa bado haijalia na yeye hajapata sababu ya kuogopa wala kusema uongo, alimwendea Zebedayo akitabasamu, na maneno yake ya kwanza yalisikiwa na askari na Atupele, aliyekuwa amemfuata Zebedayo barabarani na dumu lake: "Mzee wangu, mbona hukuniambia umekuja na mama Neema? Yupo kwenye usukani. Yeye ndiye aliyenipungia nivute."